Kofia Isiyokwisha: Viua, Sindano na Nyumba Yetu, Kutoka Unguja Hadi Maskat



Ilipokwisha arobaini ya marehemu mama mkubwa, Mwenyezi Mungu amrehemu, tulikutana nyumbani kwake hapa Maskat ili kufungua sanduku lake la njumu. Sanduku hilo lilitoka Unguja. Juu kulikuwa na hati, picha na leso ambazo hazijapata kuvaliwa. Chini kabisa, ndani ya foronya nyeupe iliyotariziwa ukingoni, tulikuta kofia ya viua ambayo haikumalizwa. Ukanda wake wa kuzunguka kichwa ulikuwa umefanyiwa kazi zaidi ya nusu. Duara lake la juu lilikuwa na michoro ya penseli tu, nayo imefifia. Sindano ilikuwa ingali imechomekwa penye kiua cha mwisho. Ilikuwa imeshika kutu, na kutu hiyo imeacha doa dogo juu ya bafta.

Sote tulikuwa tumeisikia kofia hiyo, na hakuna miongoni mwetu aliyekuwa ameiona. Bibi yetu, mzaa mama zetu, aliianza kwa ajili ya mumewe mwishoni mwa mwaka 1963, akikusudia aivae siku ya Idi. Hakuimaliza, na hakumruhusu mtu mwingine aimalize. Alipofariki, mama mkubwa aliihifadhi bila kuitaja. Sasa imetufikia sisi, na siku ileile tukahitilafiana. Kaka yangu alitaka ipelekwe makumbusho. Binamu yangu, ambaye ndiye mshonaji hodari kuliko sote, alitaka aimalize ili mmoja wa vijana wetu aivae siku ya harusi yake. Binti yangu, aliyekuwa amekaa pembeni akivihesabu viua, aliuliza swali ambalo hatukulitarajia: "Bibi alifundishwa na nani?"

Nimeandika makala haya kwa sababu ya swali hilo. Ukoo wetu unayo nasaba iliyoandikwa kwa wino mzuri, inayopanda baba baada ya baba hadi kijiji cha Oman ya ndani. Lakini katika karatasi ile hamna sindano hata moja.

Tuanze na neno lenyewe. Wazee wetu walikuwa na kitenzi kimoja, kudarizi, ambacho kamusi za zamani za Kiswahili zinakipa maana mbili: kutia nakshi kwa sindano, na kushona nguo za tabaka mbili au zaidi zishikamane, kama afanyavyo mtu anayeshona mfarishi. Mtu wa leo huona hizo kuwa kazi mbili zisizohusiana. Lakini aliyepata kuifumua kofia ya viua anajua kwamba ni kazi moja. Kofia hiyo si kitambaa kimoja kilichopambwa. Ni tabaka za kitambaa zilizolazwa pamoja na kushikwa kwa mishono maelfu, na mishono hiyo ndiyo inayoipa ugumu wake wa kusimama kichwani pasipo kadibodi wala waya. Pambo na nguvu yake vimo katika uzi mmoja.

Namna ya kuifanya, kama mama alivyonieleza na kama binamu yangu anavyoifanya hadi leo, ni hii. Kwanza hupimwa kichwa, hukatwa ukanda na duara. Duara hukunjwa mara mbili, kisha mara ya tatu, ili lipatikane sehemu nane zilizo sawa. Hapo ndipo hesabu inapoanza, kwa maana ua lisipogawika sawasawa juu, halitapatana na mapambo ya pembeni. Tabaka hupigwa bandi zisiteleze. Michoro huchorwa kwa penseli, au hunakiliwa kutoka kofia nyingine kwa kuweka karatasi juu yake na kuipitishia penseli kwa ulalo hadi viua vijitokeze. Kisha hushonwa mistari. Halafu huja viua vyenyewe, yaani vitundu vidogo vinavyoifanya kofia ipumue. Kila kitundu huzungushiwa uzi kwa mkono, mshono ukikaa bega kwa bega na mwenzake, hadi ukingo wake uwe mgumu kama pete.

Bibi alikuwa na usemi: "Tundu halikatwi, hupanuliwa." Maana yake ni kwamba nyuzi za kitambaa hazikatwi kwa ncha, bali husukumwa kando kwa sindano nene, polepole, zibaki nzima na kuukaza mshono utakaozizunguka. Tundu lililokatwa huchanika baada ya kufuliwa mara chache. Lililopanuliwa humzika mwenye kofia na kurithiwa na mwanawe. Kofia moja ya kazi nzito huchukua miezi. Ikishakwisha hufuliwa, hutiwa wanga, hukaushwa juu ya bakuli lililofudikizwa lenye ukubwa wa kichwa cha mwenyewe, na ndipo hupelekwa kwa aliyekusudiwa.

Neno kukusudiwa ni muhimu hapa. Nyumbani kwetu kofia haikushonwa kisha ikatafutiwa kichwa. Ilishonwa kwa ajili ya mtu fulani, kwa kipimo chake. Mchumba alishonewa, mume alishonewa, mtoto aliyehitimu msahafu alishonewa. Mwanamume aliyevaa kofia nzuri mtaani alikuwa amebeba kichwani miezi ya mtu mwingine, na kila mwanamke aliyempita aliweza kuisoma kazi hiyo na kujua imetoka nyumba gani.

Vitambaa vyenyewe vilikuwa na safari zao. Bafta, kitambaa cheupe kilichopendwa kwa kofia na kanzu, ina jina la asili ya Kiajemi lenye maana ya kilichofumwa, nayo ilitoka Bara Hindi. Marekani, ile nguo nzito isiyopaushwa, ilipata jina lake kwa sababu ililetwa na merikebu za Marekani, hasa zilizotoka bandari ya Salem katika jimbo la Massachusetts. Seyyid Said bin Sultan alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na kufikia mwaka 1837 balozi mdogo wao alikuwa amekwisha kukaa Unguja. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka huko Marekani mwaka 1861, marekani ikaadimika pwani, na vitambaa vya Uingereza na vya Bombay vikashika nafasi yake. Lakini jina halikubadilika.

Na kutoka Oman ilikuja hudhurungi. Hiyo ilikuwa nguo ya pamba ya rangi ya udongo, iliyofumwa kwa pamba ambayo huota ikiwa na rangi hiyo, bila kuchovywa. Wazee waliithamini kwa kanzu. Nguo imetoweka sokoni, lakini Waswahili wote, hata wale ambao hawajapata kusikia habari za Oman, huitaja kila siku wanaposema rangi ya hudhurungi. Doa lile la kutu juu ya kofia ya Babu lina rangi hiyohiyo, nami nilipoliona nilikumbuka kwamba lugha nayo ni sanduku.

Sasa tufike kwa watu, na hapa inatupasa twende taratibu na kwa ukweli.

Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja, katika miaka ya 1830 na mwanzoni mwa miaka ya 1840, aliandamana na nyumba kubwa za Kiarabu, na nyumba hizo ziliishi kwa kazi ya watumwa. Binti yake, Sayyida Salme, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, na ambaye baadaye aliolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani akaitwa Emily Ruete, aliandika kumbukumbu zake zikachapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Humo anaeleza jinsi mabibi wa jumbani walivyopitisha saa zao za faragha kwa sindano na nakshi, wakipamba nguo zao na za jamaa zao wanaume. Wengi wa ukoo wetu hupenda kukitaja kitabu hicho, maana kinatuonyesha wanawake wa Kiarabu wenye ustadi na heshima. Lakini anayesoma kwa makini huona pia mikono mingine ikipita katika kila ukurasa: ya wanaopika, wanaofua, wanaolea, wanaopepea. Si rahisi kuamini kwamba mikono hiyo haikushika sindano.

Mavazi ya kichwa yalikuwa mpaka. Wanahistoria waliochunguza mavazi ya Unguja wameeleza kwamba enzi za utumwa kujifunika kichwa na kuvaa viatu vilikuwa alama za muungwana, na kwamba mtumwa alijulikana kwa kichwa chake kilicho wazi na miguu yake mitupu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hali ya utumwa ikaondolewa kisheria mwaka 1897. Baada ya hapo kanzu na kofia zikaenea kwa wanaume wa mji wote, wenyeji na wageni, wenye mashamba na wachukuzi. Kwa mtu ambaye baba yake alikatazwa kuivaa, kofia haikuwa kitambaa cha kuzuia jua. Ilikuwa hati, naye aliivaa mbele za watu ili waisome.

Hapa ndipo swali la binti yangu lilipotua. Nilimpigia simu mama, ambaye sasa ana umri wa zaidi ya miaka 70 na kumbukumbu zake bado ni kali. Nilimuuliza: "Mama, Bibi alifundishwa viua na nani?" Alinyamaza kidogo. Kisha akasema: "Si na mama yake. Mama yake hakuwa na macho ya kazi ile. Alifundishwa na yule bi mzee wa uani."

Bi mzee wa uani. Nimesikia maneno hayo utotoni mara nyingi, katika hadithi za mapishi na za mizaha, bila ya kuuliza ni nani. Mama anasema alikuwa mzalia, yaani aliyezaliwa utumwani, katika nyumba ya babu yake Bibi. Ulipokuja uhuru alikuwa msichana, naye akabaki, kama walivyobaki wengi wasiokuwa na shamba wala jamaa wa kuwaendea. Aliishi katika chumba cha uani hadi uzee wake. Kofia alizoshona alimshonea nani mwanzo, mama hajui. Lakini alikuwa na mwana mmoja wa kiume, mchukuzi bandarini, na inasemekana hapakuwa na kofia bandarini iliyoipita ya mwanawe kwa uzuri. Bibi alipofikia umri wa miaka tisa hivi, alianza kukaa miguuni pake kila baada ya sala ya alasiri. Yeye ndiye aliyemwambia: "Tundu halikatwi, hupanuliwa."

Kwa hiyo usemi ambao ukoo wetu umeurithi kama hekima ya Bibi ni hekima ya mwanamke ambaye mababu zetu walimhesabu kuwa mali. Nimeiandika sentensi hiyo na kuifuta mara kadhaa. Najua kuna jamaa zangu wasiopenda iandikwe. Naiacha kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ukoo unaojivunia nasaba hauna haki ya kuchagua mishono ya kuonyesha na mishono ya kuficha upande wa ndani.

Bibi alikulia Malindi, katika mji ambao ushonaji ulikuwa umeshaingia kila chumba. Mwaka 1927 serikali ilifungua shule yake ya kwanza ya wasichana mjini Unguja, na ushonaji ulikuwa miongoni mwa masomo. Wazazi waliosita kumpeleka binti akajifunze kuandika hawakusita sana kumpeleka akajifunze sindano. Cherehani za Singer zilikuwa zinasikika mitaani, zikizungushwa kwa mkono au kwa miguu, katika maduka ya mafundi na vibarazani. Lakini cherehani ilishona kanzu na magauni. Viua viliachiwa mkono.

Na si kofia peke yake. Nyumba yenyewe ilivalishwa. Palikuwa na foronya za mito zilizotariziwa maua, na nyingine zilizoandikwa maneno ya mapenzi au ya dua, kwa ajili ya kitanda cha bibi harusi. Palikuwa na vitambaa vya meza vya kufuma. Maneno yenyewe ya foronya, meza na leso yanatukumbusha Wareno, waliofika pwani yetu mwaka 1498 na kutolewa katika Ngome ya Mombasa na majeshi ya Oman mwaka 1698. Ngome ilitwaliwa, lakini mito yetu ingali inavaa neno lao. Leso, ambayo tunaiita pia kanga, masimulizi ya wengi yanasema ilianza kwa sindano: mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa mji walinunua vitambaa vya mkononi vya rangi, wakashona sita pamoja, vitatu juu na vitatu chini, wakapata vazi. Wafanyabiashara walipoona hivyo, wakaagiza vipigwe chapa vikiwa kipande kimoja. Hivyo kazi ya mikono ya wanawake ilikwenda kiwandani na kurudi ikiuzwa kwao.

Kilichobaki cha leso kuukuu hakikutupwa. Kilikuwa mfarishi. Vipande vilivyo vizima vilikatwa, vikaungwa pamoja, vikawekwa juu ya kitambaa cha marekani, katikati vikajazwa sufi kutoka kwa msufi uliokuwa uwanjani au pamba iliyochambuliwa, na vyote vikadariziwa kwa mishono mirefu. Mtoto alipozaliwa, mfarishi ulikuwa zawadi ya nyanya yake. Alilala juu ya leso ambazo mama yake, shangazi zake na majirani walizivaa katika harusi na matanga, na zote zilikuwa na maneno. Mama anasema alijifunza kusoma kwa kufuata vidole vyake juu ya maneno yaliyokatika katikati ya mfarishi wake, akiyaunga kwa kubahatisha.

Januari 12, 1964, mapinduzi yalitokea Unguja. Ilikuwa siku chache tu kabla ya mwezi wa Ramadhani. Babu alitoka nyumbani wiki ile na hakurudi. Sitaandika zaidi ya hapo, kwa sababu Bibi hakupata kusema zaidi ya hapo, na kwa sababu katika mji ule wiki ile hapakuwa na mtaa mmoja tu uliopoteza watu. Ninachokijua ni kwamba kofia ilikuwa mapajani mwake jioni aliyotoka, na kwamba Idi ilipofika, ilikuwa ndani ya foronya.

Mwaka uliofuata Bibi aliondoka na watoto wake watatu. Walichukua walichoweza kukibeba, na mfarishi mmoja. Mama anaukumbuka mfarishi huo vizuri, kwa kuwa yeye ndiye aliyeambiwa aulalie jahazini na asimpe mtu mwingine. Ndani yake, badala ya sufi, Bibi alikuwa ameshonea vitambaa: bafta mpya iliyokunjwa, nyuzi, pakiti za sindano, na subana yake ya shaba. Hakushonea dhahabu, kwa maana hakuwa nayo tena. Alishonea kazi.

Walifika Dubai, miaka kadhaa kabla ya Umoja wa Falme za Kiarabu kuundwa mwaka 1971. Kuingia Oman wakati huo hakukuwa jambo jepesi kwa waliotoka Afrika Mashariki, hata kama nasaba zao zilitoka huko. Katika chumba cha kupanga, Bibi aliufumua mfarishi upande mmoja, akaitoa bafta, akaanza kushona kofia za kuuza. Mama alisema jambo ambalo limenikaa moyoni: kwamba mwanzoni Bibi alilia kila alipoikabidhi kofia kwa mnunuzi, si kwa sababu ya uchache wa bei, bali kwa sababu hakukijua kichwa kilichokwenda kuivaa. Alikuwa ameshona maisha yake yote kwa kipimo cha mtu. Sasa alikuwa anashona kwa namba. Baadaye akazoea. Kofia zile ndizo zilizolipa kodi, ndizo zilizomsomesha mama na ndugu zake.

Julai 23, 1970, Sultan Qaboos alishika madaraka, naye akawaita Waomani waliokuwa nje warudi kuijenga nchi. Maelfu walitoka Unguja, Pemba, Mombasa, Dar es Salaam, Kairo na Kuwait, wengi wao wakizungumza Kiswahili nyumbani na wengine wakiwa na Kiarabu kidogo sana. Familia yetu iliingia Maskat mwaka 1972. Bibi aliikuta kofia imeshafika kabla yake.

Hapa huitwa kumma. Ni kofia ileile ya sehemu mbili, ukanda na duara, nayo ina vitundu vilevile vilivyozungushiwa uzi, ambavyo Waomani huviita nujum, yaani nyota. Palipokuwa na maua madogo pwani ya Afrika, hapa kuna nyota. Tundu ni moja. Kumma hukaa karibu zaidi na kichwa, huminywa kidogo juu ili ipate umbo, na nakshi zake mara nyingi huwa za rangi, zikipatanishwa na dishdasha. Ni vazi la siku za kawaida, kwa maana katika shughuli rasmi mwanamume hufunga kilemba, masar. Pamoja na hayo imekuwa alama ya taifa, na mtu akiiona kokote duniani husema huyo ni Muomani.

Katika mikutano ya jamaa, husikika ubishi juu ya nani alimpa nani. Wengi hapa Oman wanakubali kwamba kumma ilitoka Unguja, pamoja na wale waliokwenda na kurudi kwa vizazi. Wengine hupenda kuamini kwamba mambo yote mazuri ya Unguja yalitoka Oman. Mimi, baada ya kuishika kofia ile isiyokwisha, naona ubishi huo umekaa mahali pasipo pake. Unauliza habari za bandari na masultani, ilhali kofia haikushonwa na bandari. Ilishonwa uani, na Waswahili wa Lamu na Siyu, na wanawake wa Ngazija wanaowashonea wachumba zao hadi leo, na wanawake wa Unguja wa kila kabila, na mzalia mmoja aliyekaa juu ya mkeka na mtoto wa kibwana miguuni pake. Kofia iliifuata sindano, na sindano ilikuwa mkononi mwa watu wasioandikwa.

Leo kumma zilizoshonwa kwa mashine zinauzwa kwa riali chache, nazo si mbaya kwa macho ya mtu asiyejua. Ya mkono iliyo nzuri huuzwa kwa makumi ya riali. Mwenye kutaka kuzitofautisha na azigeuze ndani nje. Mashine huukata uzi au huuburuta kutoka kiua kimoja hadi kingine, mkono huuficha. Pia avitazame vitundu: mashine hukata kwanza, kisha hushona. Bibi angeijua kwa kuigusa tu.

Nirudi kwenye hitilafu yetu. Tulikutana tena, na safari hii mama alikuwapo. Kaka yangu alirudia habari ya makumbusho, binamu yangu akarudia habari ya harusi. Mama aliichukua kofia, akaiweka mapajani, akaitazama sindano kwa muda mrefu. Kisha akasema: "Hii si yetu kuimaliza. Ina kichwa chake. Lakini michoro si ya Babu wala si ya Bibi. Michoro ni ya bi mzee. Hiyo inataka kutoka."

Basi tukaweka karatasi juu ya ukanda, na binti yangu akaipitishia penseli kwa ulalo, kama ilivyofanywa siku zote, hadi viua vikajitokeza kimoja kimoja. Duara, ambalo halikupata kushonwa, tulilinakili kwa macho na kwa kioo cha kukuzia, tukifuata mistari iliyofifia. Ni ua la majani manane, na kila jani lina viua vinavyopungua kuelekea nchani. Kofia tuliirudisha ndani ya foronya pamoja na sindano yake. Binamu yangu amekata bafta mpya. Binti yangu anajifunza naye kila Ijumaa. Viua vyake kumi vya kwanza vilikuwa vikubwa mno, akaambiwa afumue, akafumua.

Nami nimepewa kazi yangu. Katika nasaba yetu, pembeni ya jina la baba yake Bibi wa nne kurudi nyuma, kuna nafasi tupu ya karatasi. Nilitaka kuandika hapo jina la aliyemfundisha Bibi. Mama alijaribu kulikumbuka siku tatu. Alilikumbuka jina la utani aliloitwa na watoto, nalo si jina la kumwandikia mtu katika hati ya heshima. Kama yupo msomaji ambaye wazee wake walikaa Malindi, na ambaye katika ukoo wake kuna mchukuzi wa bandarini aliyejulikana kwa uzuri wa kofia yake, mama yake akiwa mshonaji wa viua katika nyumba ya Waarabu, nawaomba waulizane nyumbani kisha watuandikie. Pengine jina lake la haki liko kwenu. Sisi tunayo michoro yake, nayo ni haki yenu kama ilivyo yetu, tutawapeni nakala.

Hadi hapo, nafasi ile ya karatasi nimeichorea kiua kimoja kwa penseli.